Nakala ya Mkataba Ibaki Nkololo

Ng'ombe hasafirishwi kutoka kata yetu ya Nkololo, Simiyu, kwenda mnada wa mbali bila kibali. Mwenye mali anajulikana, anakopelekwa kunajulikana. Binti anaondoka hapa hapa kwenda kufanya kazi za ndani Muscat, Oman, na mama yake anabaki na namba ya simu ya dalali tu.

Tusiseme hatukujua. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch liliwasikiliza wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi hizo Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema mwajiri alichukua pasipoti. Wapo waliofanyishwa kazi hadi saa 21 kwa siku. Chini ya kafala, yaani mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wageni, mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri wake. Akikimbia mateso, yeye ndiye mkosaji. Hata sheria ya kazi ya Oman ya 2023 imewaacha nje wafanyakazi wa ndani.

Na safari hizi hazitapungua. Pamba ikikosa bei, vijana wa Simiyu hutafuta riziki kwingine, na huko kwingine watu wanazeeka na wanahitaji wa kuwahudumia. Japani, karibu watu 3 katika kila 10 wana miaka 65 au zaidi. Ujerumani, nayo ikiishiwa vijana, ilisaini makubaliano ya wafanyakazi na Kenya Septemba 2024. Kumwogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani ni kazi ya heshima. Anayeifanya alipwe, alale, apate siku ya kupumzika.

Dawa imeandikwa tangu 2011. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani unataka mfanyakazi wa ndani anayekwenda nchi nyingine apate ofa ya kazi au mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka, na pasipoti akae nayo mwenyewe. Kila tukiuliza, tunajibiwa kwamba hilo ni la ubalozi, ni la wizara, ni la Dodoma. Ubalozi utamtafutaje mtu ambaye hata kwao hawajui yuko nyumba gani?

Ofisi ya mtendaji wa kata ifungue daftari. Iandike jina la mwajiri, anwani, mshahara na wakala anayempeleka binti. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi, kwa Kisukuma ikibidi, na nakala ibaki ofisini na nyumbani. Wakala akikataa kuacha nakala, binti asipande basi.