Tuwalipe Wazee Wetu Nauli Yao

Ndugu zangu wa Baleni, kila mwaka ifikapo Oktoba wageni huanza kumiminika hapa Mafia kuogelea na papa potwe katika bahari ya Kilindoni. Miongoni mwao wamo wenye mvi na magoti mabovu, nao hujitosa majini. Tunawatazama, tunacheka, kisha tukirudi nyumbani twamwambia baba: "Wewe tulia hapo barazani, usijichoshe."

Iko filamu ya katuni ya Marekani iitwayo Up, ya mwaka 2009. Ndani yake yumo Carl, mzee wa miaka 78 aliyekuwa akiuza maputo. Tangu utotoni yeye na mkewe walitamani kuyaona maporomoko fulani ya Amerika ya Kusini, wakawa wanadunduliza senti katika chupa. Gurudumu la gari likapasuka, chupa ikavunjwa. Mguu ukavunjika, chupa ikavunjwa. Mti ukaangukia paa, ikavunjwa tena. Mke akafa hajaenda. Ndipo mzee alipoifunga nyumba yake maputo maelfu, ikang'oka, ikapaa naye.

Watoto hushangilia nyumba inapopaa. Mimi nilibaki na ile chupa. Kwetu huvunjwa kwa sare za shule, kwa mabati, kwa kumvusha mgonjwa hadi Nyamisati apelekwe Muhimbili. Tusijidanganye: nauli ya wazee wetu tumeila sisi watoto wao. Hilo ni deni.

Atasema mtu, hiyo ni katuni. Haya, Kimani Maruge wa Kenya hakuwa katuni. Januari 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza Kapkenduiywo, Eldoret, maana serikali ilikuwa imefuta karo mwaka mmoja kabla. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York, Umoja wa Mataifa, kutetea elimu ya bure. Mwaka huohuo Bi Kidude wa Unguja, bikizee ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani kwa hakika, alituzwa na WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Uingereza kwa uimbaji wake.

Sisemi mzee asukumwe. Asiyetaka kutoka aachwe na baraza lake. Na yule akweaye mnazi kwa kukosa unga hayuko safarini. Yuko dhikini, na aibu ni yetu.

Lakini je, umepata kumuuliza mama yako alitamani kwenda wapi kabla hujazaliwa? Muulize leo. Huenda ni Unguja. Huenda ni darasa la kujifunza kusoma. Huenda ni hapo kisiwani Juani tu, akayaone magofu ya Kua aliyoyasikia maisha yake yote. Gari hadi Utende na mashua ya kuvukia havihitaji mtu auze shamba. Mlipieni, nanyi mfuatane naye.