Kipindi cha michezo ni cha darasa zima

Mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024 umewapa watoto wa shule za msingi somo la Sanaa na Michezo, na waliopigania hatua hiyo wanastahili shukrani. Wasiwasi wangu uko kwenye kinachotokea kengele ya kipindi hicho ikishagongwa. Mara nyingi mwalimu wa somo la mtihani hukichukua ili afidie mada zilizobaki. Kikisalimika, mpira hutupwa uwanjani, wavulana wachache wenye vipaji huukimbilia, na darasa lililobaki hukaa kivulini kupiga soga. Wanaokaa kivulini ndio hasa wanaokihitaji kipindi hiki: mwenye haya, mgeni aliyehamia muhula huu, mnene anayetaniwa, msichana anayeogopa kuchekwa. Mtoto anapokaribia ujana, neno la mwenzake mara nyingi lina uzito zaidi kuliko la mwalimu. Darasani kila mmoja anaandika mtihani wake na kupata alama zake peke yake. Uwanjani hawezi kufika popote bila kumpa pasi hata yule asiyempenda, bila kukubali filimbi iliyomwonea, bila kushindwa mbele ya macho ya watu na kesho yake kurudi kucheza.

Hata hivyo, michezo haileti urafiki yenyewe tu, na wanaoitetea kwa kuimba kwamba michezo ni undugu wanaidhoofisha hoja yao. Mwaka 1954, huko Oklahoma nchini Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aligawa wavulana 22 katika makundi mawili na kuwashindanisha kwa zawadi. Baada ya siku chache walikuwa wakitukanana, wakichomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Uhasama ulipungua walipopewa kazi ambazo kundi moja lisingeweza peke yake, kama kutengeneza mfumo wa maji uliokwama. Jaribio hilo limelaumiwa baadaye kwa namna lilivyoendeshwa, lakini funzo lake linapatana na utafiti ulio makini zaidi wa Salma Mousa, uliochapishwa mwaka 2020. Mousa alifuatilia wachezaji wa soka Wakristo nchini Iraki, waliokuwa wamefukuzwa makwao na vita. Baadhi yao walichanganywa na Waislamu katika timu moja, wengine wakabaki na Wakristo wenzao. Miezi sita baadaye, waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kufanya mazoezi na Waislamu. Nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, mabadiliko yalikuwa madogo sana. Kwa hiyo kinachojenga uhusiano ni kuwa upande mmoja, kwa muda wa kutosha, chini ya mtu anayesimamia. Kupanga nani acheze na nani ni kazi ya ualimu kamili, sawa na kupanga somo la hesabu.

Kawe, jijini Dar es Salaam, inaonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sana. Ukwamani na Mzimuni nyumba zimebanana. Si mbali na hapo, kuelekea Mbezi Beach, kuna majumba ya geti na kuta ndefu. Mtoto wa ndani ya geti hubebwa na basi la shule alfajiri, akarudishwa jua likizama. Michezo ya mtaani kama rede, kombolela na chandimu iliwahi kuwakutanisha watoto wa namna zote, na ndani yake walijifunza kugombana na kupatana bila mtu mzima kuwaamulia. Michezo hiyo inataka nafasi na muda, na vyote viwili vinazidi kuwa haba. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa imebaki mikononi mwa shule.

Wazazi watauliza: mitihani je? Ni swali la haki, kwa kuwa nafasi ya kuendelea na masomo huamuliwa na alama. Lakini mtoto anayekuja shule kila siku akihofia kubaguliwa hatulii kusoma, na saa moja kwa wiki haimnyang'anyi mtu ufaulu. Walimu nao watasema madarasa yamejaa na viwanja vimejengewa nyumba. Ni kweli, hasa Kinondoni na Temeke. Ila mbio za kupokezana vijiti, kuruka kamba na rede huchezeka kwenye kipande kidogo cha ardhi, na watoto sitini wakigawanywa kwa zamu, wengine wakihesabu pointi na kuamua, wote wana kazi. Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba uwanja ni mahali pa kudhalilishana. Anayeachwa wa mwisho manahodha wanapochagua timu haisahau siku hiyo upesi. Dawa yake ni mwalimu kupanga timu mwenyewe, kuzibadilisha baada ya wiki chache, na kumtafutia mwenye ulemavu mchezo anaoumudu. Wasichana wanahitaji mahali pa kubadilishia nguo, mavazi yanayolinda heshima na dini zao, na ruhusa ya kupumzika bila kuulizwa maswali mbele ya wavulana. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa wasichana 85 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawapati mazoezi ya kutosha. Wavulana ni 78.

UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, yaendelee, kwani vipaji vinahitaji ngazi ya kupandia. Lakini shule isipimwe kwa vikombe tu, maana kombe huletwa na wachache. Maofisa elimu wa kata wanaweza kuanza na bonanza la kila muhula ambalo timu zake zimechanganywa: watoto wa shule ya serikali na wa shule binafsi jirani, jezi moja, mazoezi ya wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Wathibiti ubora wa shule nao, wanapopita shuleni, wahesabu ni watoto wangapi waliocheza kipindi hicho, na wamuulize mwalimu mkuu kuhusu waliobaki kivulini.