Pesa ya simu isiishie Petite Barrière

Kapu la nyanya huvuka Petite Barrière kwa dakika chache. Malipo yake hupita njia ndefu zaidi. Mchuuzi wa Gisenyi anayeuza Birere hulipwa kwa faranga za Kongo au dola, huenda kwa mbadilishaji fedha, hurudi na faranga za Rwanda, kisha humtafuta wakala wa simu ili amtumie mkulima aliyempa mzigo kwa mkopo. Kila kituo hukata chake. Kwa mwenye lori la saruji makato hayo ni madogo. Kwa mwenye kapu moja yanaweza kumeza faida ya siku nzima.

Katika mikutano ya biashara tunasikia mara kwa mara kwamba masoko yetu yanahitaji ubunifu. Maoni yetu ni kwamba mpaka huu hauna uhaba wa ubunifu. Unachohitaji ni pesa iliyomo kwenye simu ya mchuuzi kuvuka naye, kwa bei anayoimudu.

Profesa Clayton Christensen wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alieleza jinsi kampuni kubwa zinavyoangushwa na ndogo. Si kwa uvivu. Kampuni kubwa huwasikiliza wateja wake wenye fedha, huwaongezea ubora na bei, na mteja mdogo hubaki nje. Mshindani mpya huanza na huyo aliyeachwa nje, kwa huduma rahisi ambayo wakubwa huidharau. Huduma hiyo huboreka mwaka hadi mwaka, mpaka inawafikia na wateja wa wakubwa.

Afrika Mashariki imeliona hilo. M-Pesa ilifanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005 kama njia ya kulipa mikopo midogo. Walioijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ilifuata kile ambacho wateja walikuwa wamekwisha kujichagulia, yaani kutuma pesa nyumbani. MTN ikaanzisha huduma kama hiyo Rwanda mwaka 2010, na Vodacom ikaipeleka M-Pesa Kongo mwaka 2012. Waliohesabiwa kuwa hawana faida kwa benki ndio waliojenga biashara hiyo.

Hapa Petite Barrière ubunifu wa namna hiyo ulikuwepo hata bila simu. Watu wenye ulemavu, ambao ajira nyingi ziliwafungia mlango, waligeuza baiskeli zao za magurudumu matatu kuwa chombo cha kubebea mizigo ya wachuuzi. Na mpaka ulipofungwa kwa waendao kwa miguu Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wachuuzi walikusanya mizigo yao pamoja, wakawatuma wachache kwa niaba ya wengi. Mbinu hiyo iliokoa biashara za wengi, lakini haikumwokoa kila mtu. Asiyekuwa na ushirika, au asiyeweza kuchangia gharama za usafiri, alibaki nyumbani akila mtaji wake. Ndiyo maana kila ubunifu unapaswa kuulizwa kwanza: nani alikuwa nje, na sasa ameingia?

Pesa ya simu nayo ilipata mtihani wake. M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango. Watu walitegemea simu, na wengine walivuka kuja kutafuta noti Gisenyi. Lakini noti zilipoadimika Goma, wakala alipandisha kamisheni ya kutoa pesa. Mwenye salio kwenye simu alilipa zaidi ili ashike pesa yake mwenyewe. Kama angeweza kumlipa mkulima wa Rubavu moja kwa moja kutoka kwenye salio lile, noti hiyo asingeihitaji.

Teknolojia si kikwazo. Mwaka 2015 MTN na Vodafone zilitangaza makubaliano ya kuunganisha huduma zao za pesa katika nchi kadhaa, Rwanda na Kongo zikiwemo. Utashi wa kisiasa nao umewahi kuonekana katika ukanda huu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliondoa tozo kubwa za kupiga simu kati ya nchi hizo. Kongo, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, inastahili kuwemo katika mpango kama huo, na pesa ya simu iwemo pia.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza masharti kutafungua njia kwa pesa chafu. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake tunalo tayari forodhani. Utaratibu rahisi wa COMESA humruhusu mwenye mzigo mdogo, wa bidhaa zilizoorodheshwa, kuvuka kwa karatasi rahisi. Msingi huo huo utumike kwa malipo. Kiwango cha juu kiwekwe, kitambulisho kinachotumika kuvukia kitoshe, na tozo ishuke. Mwenye kutuma maelfu ya dola aendelee kuulizwa maswali yote.

Wabadilishaji fedha nao wasisahauliwe. Wanazijua sarafu zote tatu na wanawajua wateja wao. Wapewe nafasi ya kuwa mawakala wa huduma hiyo badala ya kuondolewa nayo.

Tunajua kwamba Kigali na Kinshasa zina migogoro mizito, na mfumo wa pamoja hautakuja kesho. Lakini kuna hatua isiyohitaji kusubiri mkutano wa marais. Kampuni ya simu inaweza leo hii kumwonyesha mteja, kwa Kiswahili na kabla hajabonyeza kuthibitisha, kiwango cha ubadilishaji, makato yote, na kiasi ambacho mpokeaji atapata.

Wachuuzi pia wana kazi ya kufanya. Mwenye kapu moja hawezi kujadiliana bei na kampuni ya simu, lakini ushirika wenye wanachama mia unaweza. Mlikusanya nyanya pamoja mwaka 2020. Kusanyeni na malipo. Andikeni kwa mwezi mmoja kila kinachokatwa, kwa mbadilishaji na kwa wakala, kisha upelekeni ushirika wenu na hesabu hiyo kwa kampuni zote zinazofanya kazi pande mbili za mpaka. Itakayokuwa ya kwanza kuipa hesabu hiyo jibu zuri ipewe biashara yenu.