Maneno Yasiyo na Sauti

Wako wanafunzi wa isimu ambao hurudi kutoka vijijini na daftari la maneno elfu moja, kila neno limeandikwa kwa mwandiko safi na maana yake kando, nao husadiki kwamba lugha imekwisha kuhifadhiwa. Kusadiki huko ni kujidanganya. Kwa lugha yenye toni, daftari la namna hiyo limeshika nusu ya lugha, na nusu iliyoachwa ndiyo ambayo wajukuu hawataweza kuirudisha kwa kukisia.

Asili ya kosa haiko mbali. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa karibu siku zote katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala herufi hazihitaji alama juu yake. Msomi aliyelelewa katika maandishi hayo huona kupanda na kushuka kwa sauti kuwa ni pambo la msemaji, mfano wa mtu anayetikisa mkono anapozungumza. Basi anapofika kati ya watu ambao kwao toni ni sehemu ya neno lenyewe, husikia asichokiandika, na baada ya juma moja hata kukisikia huacha.

Isaka ni mahali pema pa kulitazama jambo hili. Ni kituo cha reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, na leo ni bandari kavu ya mizigo iendayo Rwanda na nchi nyingine za jirani. Madereva wa malori hulala hapo. Wachimbaji wa dhahabu wapita hapo, kwa maana mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, nao wameleta watu wa kila kabila. Stesheni, gereji na kwa mama ntilie, lugha ni Kiswahili. Lakini lugha ya ardhi hiyo ni Kidakama, usemi wa kusini ambao wengine huuhesabu katika Kinyamwezi na wengine katika Kisukuma, na upande wa magharibi, kuelekea Bukombe, wapo Wasumbwa.

Sasa na itazamwe toni yenyewe. Irvine Richardson alichapisha London mwaka 1959 kitabu kizima juu ya toni ya Kisukuma, na jambo aliloliona lastahili kukumbukwa na kila anayeshika kinasa sauti: toni ya juu haisikiki katika silabi iliyo asili yake, bali husogea mbele silabi mbili. Shina la kitenzi kubona, yaani kuona, lina toni ya juu. Shina la kusola, yaani kuchagua, halina. Hata hivyo anayetafuta toni ya kubona katika silabi ya shina hataiona hapo. Neno likiwa fupi, toni yake huvuka mpaka na kutua katika neno la jirani. Katika Kinyamwezi, kama walivyoeleza Clement Maganga na Thilo Schadeberg mwaka 1992, toni husogea silabi moja tu. Silabi moja kwa hawa, mbili kwa wale: je, msemaji wa Isaka ahesabu ngapi? Ugomvi wa zamani juu ya Kidakama ungepata hapo ushahidi bora kuliko orodha zote za msamiati, na ushahidi huo umo vinywani mwa wazee.

Ndipo lionekanapo kosa la daftari. Mkusanyaji humwuliza mzee neno moja moja: "Babu, mnasemaje mbuzi? Mnasemaje kuona?" Mzee hujibu kwa adabu, neno peke yake, nalo limekatwa na jirani aliyekuwa akiibeba toni yake. Hata akirekodi, amerekodi kisiki. Inafaa neno lisemwe ndani ya sentensi, kwanza mbele ya neno lenye toni ya juu, kisha mbele ya lisilo nayo, mara tatu, na wasemaji zaidi ya mmoja, wanawake kwa wanaume, mbali na ngurumo za malori. Programu ya Praat, iliyotengenezwa Amsterdam, hupima sauti kwa hezi bila malipo. Aliye na kompyuta hana udhuru.

Wako watakaosema kwamba Wasukuma ni mamilioni, na lugha ya mamilioni haifi. Wanahesabu vichwa. Usemi wa mji mmoja hufa huku jina la lugha likiendelea kuandikwa katika ramani. Na toni yaweza kutangulia kufa, watoto wakaendelea kutamka maneno ya babu zao kwa mkazo wa Kiswahili. Kama jambo hilo limeanza Isaka au halijaanza, kinasa sauti ndicho cha kuamua. Wengine husema nyimbo zimekwisha kurekodiwa, na ni kweli kwamba Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wasukuma na Wanyamwezi mwaka 1950. Lakini wimbo una tuni yake, nayo yaweza kuipinda toni ya neno. Wimbo si shahidi wa mazungumzo. (Ngoma za watemi zimetunzwa Bujora, na hakuna aliyewahi kudai kwamba ingetosha kuzichora.)

Haisemwi kwamba hakuna kilichofanywa. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulitoa atlasi mwaka 2009. Kulikoyela Kahigi ameutumikia Usumbwa kwa msamiati aliouchapisha mwaka 2008. Herman Batibo alieleza sauti za Kisukuma mwaka 1985. Lakini kitabu cha Batibo ni cha Kifaransa, na cha Richardson ni cha Kiingereza. Mwalimu wa Kahama atavisoma vipi?

Tasnifu juu ya lugha yenye toni isipokelewe chuoni bila toni zake na bila rekodi zake. Nakala moja ya rekodi ikae Dar es Salaam, na nyingine irudi Isaka, katika shule iliyo karibu na nyumba ya mzee aliyesema, ambako mjukuu wake aweza kuomba asikilizishwe.