Walimu wa Tembo Wasio na Majina



Neno "dresaji" tunalijua wote. Mutu akifunza imbwa yake kulinda lupango, anasema ameidrese. Na mara moja moja mukubwa akikamata fimbo juu ya mutoto, anasema vilevile: "Leo nitakudrese!" Lakini huko Ulaya neno hili lina heshima kubwa. Ni ufundi wa kufundisha farasi atembee, ageuke na asimame kwa kusikia tu mwili wa mutu aliyemupanda, pasipo kelele na pasipo kumuvuta mudomo kwa nguvu.

Walimu wa ufundi huo wanatajwa kwa majina. Mureno mumoja, Nuno Oliveira, aliyezaliwa 1925, alifundisha farasi na wapandaji maisha yake yote. Watu walitoka inchi za mbali kumufuata, naye akaenda kwao kufundisha, mupaka Australia, na ni kule njo alikufa, 1989. Ameacha vitabu. Hata leo kuna wapandaji wanaojisifu kwamba mwalimu wao alifundishwa naye. Hatuna wivu juu ya heshima ile. Mwalimu anaistahili.

Lakini sisi Wakongo tulikuwa na dresaji yetu, tena ya munyama mukubwa kuliko farasi. Tumeuliza katika kalasi zetu: nani anaweza kutaja mwalimu mumoja tu wa tembo wa Uele? Hakuna mukono ulioinuliwa, hata kalasi ya sita.

Tuanze na sababu. Kwa nini hapa kwetu hatuoni farasi? Ni juu ya mbungo. Farasi, punda na ngombe wakipita katika pori la mbungo, wanapata ugonjwa na kufa. Basi zamani kila muzigo, wa pembe, wa nguo, wa chumvi, ulikwenda juu ya kichwa cha mutu. Wazee wa Maniema walijua vizuri njia ile ya mapagazi. Mufalme Leopold wa Pili alifikiri tembo atashinda mbungo. Mwaka wa 1879 akatuma tembo 4 kutoka Uhindi, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, pamoja na Mungereza Carter. Safari ya kwenda Tanganyika ikawa ya taabu: mizigo mizito, njia mbaya. Tembo mumoja tu akafika Karema, naye hakuishi sana. Carter mwenyewe aliuawa 1880 katika njia ya kurudi.

Nyuma yake, tangu 1900, mukubwa wa askari, Jules Laplume, alipewa amri kujaribu kwa tembo wa Kongo wenyewe, kule Uele. Watu wengi walisema tembo wa Afrika hawezi kufundishwa, ni wa pori tu. Laplume akaendelea miaka mingi huko Api. Baadaye kazi ikahamia Gangala-na-Bodio, kando ya muto Dungu. Vitabu vinamutaja yeye kama mwanzilishi, na kweli alikuwa muvumilivu. Tusimunyime haki yake. Lakini tujiulize: kila asubuhi, nani alikuwa anamukaribia tembo?

Walikuwa Wazande. Kwa Kifaransa waliitwa kornaki. Ni wao walikimbia kwa miguu nyuma ya kundi, na kamba mukononi, wakamufunga mutoto wa tembo muguu na kumufunga tena kwa muti, wakati mama yake angali anageuka kuwarudia. Kazi ile haikuwa safi yote, tusiipake asali. Mara nyingi tembo wakubwa waliopigania watoto wao walipigwa bunduki, na watoto wengi walikufa kwa huzuni na kwa kukosa kula. Watu wa Asia, wajuzi wa tembo, waliletwa kuonyesha ufundi wao, wakakaa muda tu, wakarudi kwao. Kornaki Wazande wakabaki, wakatengeneza namna yao.

Na namna ile njo tunataka musikie. Tembo mugeni hakuachwa peke yake. Aliwekwa katikati ya tembo wakubwa waliokwisha kuzoea, wakamusindikiza, akaona wanavyofanya, akafuata. Munajua tembo wale waliitwa nani? "Monitere"! Jina lilelile walilopewa walimu wa shule za misioni wakati wa Wabeleji. Tulicheka sana tulipojua jambo hili, kisha tukanyamaza kidogo. Kornaki walimupa chakula kwa mukono, wakamuogesha mutoni, na mangaribi walimuimbia. Ndiyo, walimuimbia, pole pole, mupaka munyama anazoea sauti ya mutu. Baada ya miezi mingi kornaki anapanda shingoni, na tembo yule anavuta jembe, anavuta gari la mizigo, anatoa miti katika pori.

Hatusemi kwamba hakuna fimbo iliyotumika. Kamba ilikuwako, na fimbo ilikuwako. Lakini mutu mwenye kilo 60 atamupiga munyama wa kilo 3,000 mupaka lini? Kornaki anayejua fimbo tu, siku moja tembo atamukanyaga. Walilazimika kujua kila munyama: huyu anaogopa maji, huyu anakasirika mutu akimukaribia toka nyuma, huyu anafuata rafiki yake tu. Tunawaachia walimu wetu jambo hili wafikiri juu yake, kwa heshima yote, kwa kuwa neno "nitakudrese" lingali linasikika katika baraza la shule.

Mwanafunzi mumoja alitupinga. Akasema: "Bale balitumikia Bazungu. Juu ya nini tubaheshimu?" Ni swali la kweli. Kazi ile iliamriwa na serikali ileile iliyotoza watu mupira na kuwakata mikono, na kornaki hakuchagua faida iende wapi. Hata hivyo ujuzi ulikuwa wake. Babu zetu waliojenga reli ya Kindu walitumikia Wabeleji pia, lakini reli tunaipanda na hatuwatupi. Kumunyima kornaki jina lake sababu ya bwana wake, ni kumupora mara ya pili. Laplume ana jina. Tembo wenyewe walipewa majina. Kornaki anaonekana katika picha za zamani, amekaa juu ya shingo, na chini wameandika "kornaki" tu, au "Muzande na tembo wake".

Sasa tumechelewa. Pori lile lilifanywa hifadhi ya taifa ya Garamba mwaka wa 1938. Vita ya 1964, ile iliyopita hapa Kindu vilevile, ilivunja mambo mengi. Tembo wachache waliofundishwa walibaki, na katika miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wanabeba watalii. Leo kazi ile imekwisha. Hesabu ya 1976 ilikuta katika Garamba tembo zaidi ya 20,000, leo imebaki sehemu ndogo sana, juu ya wawindaji wa pembe. Askari wa hifadhi wanakufa wakiwalinda. Kituo chao cha Nagero kilishambuliwa Januari 2009. Wazee waliojua kuimbia tembo, kama wangali wako, ni wazee sana, na Uele ni mbali na sisi.

Lakini Lualaba haiko mbali. Nani alifundisha mapiloti wa kwanza wa mitumbwi mikubwa kusoma maji mupaka Ubundu? Nani alifundisha mafundi waliofyatua matofali ya kalasi hizi tunazokaa ndani? Walimu wa kwanza wa shule yetu ni nani, wale waliofundisha miezi bila mushahara? Tuko na mukurugenzi, tuko na wapastori wazee, na babu zetu wangali wanaongea mangaribi. Kuanzia namba ijayo, ukurasa wa mwisho wa gazeti hili utakuwa wa majina hayo. Kila mwanafunzi alete jina moja la mutu aliyefundisha wengine kazi, kijiji chake, na mustari mumoja au miwili juu ya namna alivyofundisha. Muandike kwa kalamu ya wino, sababu ya penseli haionekani vizuri mutu anapopiga stensili. Karatasi ziachwe kwa sekretari wa gazeti mbele ya Jumamosi.