Jumapili ya kwanza katika kanisa la Episkopali: mambo ya kujua kabla ya kwenda na watoto

Jumapili moja, muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni, simu yangu iliita. Alikuwa dada yangu, aliyehamia Marekani na mume wake na watoto wao wawili. Wanaishi mji mdogo katika jimbo la Ohio, na kwao ilikuwa inakaribia saa nne na nusu asubuhi.

“Mdogo wangu, niko kwenye gari nje ya kanisa,” aliniambia. “Nimeshindwa kushuka.”

Ilikuwa Jumapili ya pili. Ile ya kwanza alifika hadi kwenye maegesho, akatazama watu wakiingia, kisha akageuza gari akarudi nyumbani.

Dada si mwoga. Alipokuwa Dodoma aliimba kwaya tangu utotoni na kusimama mbele ya kanisa zima hakukumsumbua. Huko ugenini alikwama kwenye maswali madogo. Watoto watakaa wapi? Akisimama wakati wengine wamekaa itakuwaje? Mkubwa ana aleji ya karanga, wakimpa biskuti je? Mume wake huwa kazini Jumapili, kwa hiyo hakuwa na wa kumsaidia.

Kuna jambo jingine aliloniambia siku hiyo ambalo lilinikosesha usingizi. Fomu ya shule ya mwanawe ilikuwa na nafasi ya kuandika jina la mtu wa kupigiwa simu iwapo wazazi hawapatikani. Aliiacha wazi. Miezi minne katika mji ule, hakuwa na jina la kuandika.

Upweke si suala la moyo tu. Mwaka 2023 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti akionya kwamba kukosa watu wa karibu kunahusiana na ongezeko la hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi na sonona. Mzazi mpya ugenini, mwenye watoto wadogo na mwenzi wa kazi za zamu, yuko karibu sana na hatari hiyo.

Nilianza kuulizia watu wanaolijua kanisa hilo na kusoma. Haya ndiyo niliyomwandikia Dada. Nayaweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mna ndugu huko, au mnafungasha mizigo.

Ni kanisa gani hili?

Episkopali ni Anglikana ya Marekani. Baada ya Wamarekani kujitenga na utawala wa Uingereza, Waanglikana wa huko waliunda kanisa lao wenyewe na kupitisha katiba yake mwaka 1789. Jina linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya askofu, yaani ni kanisa linaloongozwa na maaskofu. Nje utaona ngao nyeupe yenye msalaba mwekundu, na kwenye kona ya juu kushoto eneo la bluu lenye misalaba midogo tisa.

Mtu aliyekulia Anglikana ataitambua ibada hata kama hasikii Kiingereza vizuri. Kuna masomo ya Biblia, Zaburi, Injili, mahubiri, Imani, maombi, toba, kupeana amani, kisha Meza ya Bwana. Kitabu chao cha Sala ni cha mwaka 1979, lakini mifupa ni ileile.

Kama hapa kwetu, sura hutofautiana. Anayetoka Zanzibar au Masasi, kwenye mapokeo ya UMCA, amezoea ubani na kengele. Wa Dodoma au Morogoro, kwenye mapokeo ya CMS, amezoea ibada isiyo na mambo mengi. Huko pia utakuta parokia za ubani na parokia za gitaa. Ukikuta usiyoizoea, jaribu nyingine kabla ya kukata tamaa.

Ibada kuu kwa kawaida huchukua kama saa moja na robo hivi. Mahubiri ni mafupi. Kama umezoea ibada ya saa tatu, usishangae watu wakianza kuvaa makoti wakati wewe ndiyo kwanza umepata joto.

Mlangoni na kwenye benchi

Mtu atakusalimu na kukupa karatasi yenye utaratibu wa ibada. Keti popote. Mwenye watoto wadogo akae pembeni, karibu na njia, ili akitaka kutoka asiwakanyage watu.

Watu husimama kuimba, huketi kusikiliza, na hupiga magoti au kusimama wakati wa sala. Ukipotea, mtazame aliye mbele yako. Wenyewe hupotea, hasa wanaporuka kutoka kitabu cha sala kwenda cha nyimbo.

Mavazi hayana sheria. Utaona suti, utaona jinzi. Sahani ya sadaka itapita, na mgeni halazimiki kutoa. Ukipewa kadi ya kuandika jina na namba ya simu, unaweza kuijaza au kuiacha.

Sasa jambo lililomchanganya Dada kuliko yote. Kwetu mgeni huambiwa asimame, ataje jina na anakotoka, kisha apigiwe makofi. Huko sehemu nyingi hawafanyi hivyo, kwa kuwa wanaona ni kumwaibisha mtu. Utaingia, utatabasamiwa, kisha utaachwa utulie. Kwa Mswahili hiyo inaonekana kama kutopendwa. Sivyo. Ukaribisho wao uko mwishoni, na nitaufikia.

Watoto

Parokia nyingi zina chumba cha watoto wachanga na shule ya Jumapili. Katika baadhi, watoto huondoka wakati wa masomo, wakarudi kwa wazazi wakati wa kupeana amani. Kanisa hilo lina kanuni za kuwalinda watoto: wanaowahudumia hupewa mafunzo na kuchunguzwa historia zao.

Hata hivyo, kanuni ya kwenye karatasi haichukui nafasi ya jicho la mzazi. Uliza maswali matatu kabla ya kumwachia mtu mwanao:

• Nani wako chumbani? Wanatakiwa kuwa watu wazima wawili au zaidi, si mmoja peke yake.

• Mtoto anachukuliwaje? Lazima kuwe na utaratibu wa kuandikisha jina, na akabidhiwe kwa yule yule aliyemleta.

• Wanakula nini? Taja aleji kwa sauti, hata kama hujaulizwa. Mtoto wa aleji ya karanga aende na vitafunwa vyake, na kama ana sindano ya dharura, mhudumu aonyeshwe iko wapi na inatumiwaje.

Kama majibu hayakuridhishi, au mtoto analia hataki kubaki, kaa naye kwenye benchi. Hakuna atakayekufukuza. Mpe kitabu cha picha au kalamu za rangi. Akipiga kelele sana, toka naye dakika tano, rudi.

Mama anayenyonyesha asijifiche chooni. Tangu mwaka 2018 majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria inayomruhusu mama kunyonyesha popote anaporuhusiwa kuwepo.

Mezani: mkate, kikombe na afya

Hapa ndipo maswali ya afya huwa mengi. Kanuni ya kanisa ni kwamba Mkristo aliyebatizwa, wa dhehebu lolote, anaweza kushiriki. Asiyebatizwa, au asiyetaka, anaweza kubaki ameketi bila kutoa maelezo, au kwenda mbele na kukunja mikono kifuani kwa mfano wa msalaba. Hiyo ni ishara ya kuomba baraka tu. Wewe uliye Mwislamu na umemsindikiza rafiki, kaa kwa amani.

Wazazi, jiandaeni kwa hili: huko mtoto aliyebatizwa anaweza kupewa Meza ya Bwana kabla ya kipaimara, hata akiwa mdogo sana. Ninyi mliozoea kungoja kipaimara, amueni nyumbani. Mkitaka angoje, mfundisheni kukunja mikono. Mwana wa Dada wa miaka saba aliifanyia mazoezi sebuleni.

Kikombe huwa na divai halisi yenye kilevi, na watu hukinywea pamoja. Kula mkate peke yake kunahesabiwa kuwa ushirika kamili. Kwa hiyo mjamzito, aliyeacha pombe, au mgonjwa anayetumia dawa kama metronidazole, ambayo wengi tunaiita Flagyl na huambiwa tusiichanganye na pombe, apokee mkate, kisha kikombe kikifika akunje mikono. Hakuna atakayeuliza kwa nini.

Je, kikombe cha pamoja kinaambukiza? Wataalamu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliwahi kulichunguza swali hili. Walisema hatari ipo kinadharia lakini ni ndogo sana, na hawakuwa na mlipuko wowote ulioripotiwa uliohusishwa nacho. Kufuta ukingo wa kikombe kwa kitambaa na kukizungusha husaidia, ingawa hakuondoi vijidudu vyote. Wengine huchovya mkate wakidhani ndiyo usafi. Kumbuka vidole vilivyoshika mabenchi na mikono ya watu huweza kugusa divai ile. Ukiwa na mafua, kikohozi au kidonda mdomoni, usinywe. Ni heshima kwa wenzako.

Asiyeweza kula ngano kwa sababu ya ugonjwa wa utumbo amwambie mhudumu kabla ya ibada. Parokia nyingi huwa na mkate usio na gluteni.

Usiyoyazoea

Yapo mambo ya kuwaandaa watoto mapema. Unaweza kumkuta kasisi au askofu mwanamke, kwani kanisa hilo liliidhinisha ukasisi wa wanawake mwaka 1976. Tangu mwaka 2015 pia linaruhusu ndoa za jinsia moja. Kanisa Anglikana Tanzania lina msimamo tofauti kabisa juu ya hilo la pili, na limekuwa chanzo cha mpasuko mkubwa kati ya Waanglikana duniani.

Siandiki haya ili nikuamulie. Nayaandika kwa sababu mzazi akishtukizwa mbele ya mtoto hujibu kwa hasira au kwa aibu. Zungumzeni nyumbani kabla: familia yetu inaamini nini, na tunawaheshimuje watu tuliowakuta. Ukiona si mahali pako, kuna makanisa mengine, na katika baadhi ya miji mikubwa yako yenye ibada ya Kiswahili.

Usikimbie kabla ya kahawa

Baada ya baraka, watu huelekea ukumbini. Kuna kahawa, chai, juisi na vitafunwa. Mgeni mwenye haya huona hapo ndipo pa kutorokea, kumbe hapo ndipo pa ukaribisho. Aliyekuacha utulie kwenye benchi sasa atakuja kukuuliza jina.

Jumapili ya tatu Dada alishuka kwenye gari. Aliniambia alipotea mara mbili kwenye kitabu, akasimama peke yake wimbo ulipokwisha, wala dunia haikupasuka. Ilipofika Sala ya Bwana aliisali kwa Kiswahili kwa sauti ya chini. Alishangaa kukuta wamefika “Amina” karibu wakati mmoja.

Baraka ilipotolewa, alichukua makoti aondoke. Yule mdogo, wa miaka minne, akaona sahani ya biskuti na kukataa kutembea. Ikabidi Dada abaki, akisoma maandishi kwenye pakiti akitafuta neno karanga. Bibi mmoja wa makamo akamfuata kumuuliza anatafuta nini, kisha akaenda jikoni kuleta pakiti nyingine na kuisoma pamoja naye. Katika maongezi wakagundua mjukuu wa bibi huyo na mwana wa Dada wanapanda basi moja la shule.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yalinyooka. Wiki iliyofuata hakuna aliyemsemesha zaidi ya “habari za asubuhi”. Bibi yule alikuwa mgonjwa. Dada alirudi nyumbani amenuna, akaniambia haendi tena. Nilimwomba ajaribu mara tatu kabla ya kuamua, na hata asipotaka hapo, atafute pengine: maktaba, shule, jumuiya ya Watanzania. Muhimu ni kufahamiana na watu kwa majina.

Alirudi. Siku moja mwezi uliofuata alinitumia picha ya fomu ya shule, ile ile. Ile nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa na jina na namba ya simu. Chini ya picha aliandika maneno machache: “Nimemwomba, amekubali.”

Kama una ndugu aliye ugenini na watoto, mpigie wiki hii. Usimuulize tu kama amekula. Muulize, mwanao akiugua shuleni nawe hupatikani, nani atapigiwa simu? Akinyamaza, umeshapata jibu, na mna jambo la kuzungumza.