Mshairi na Achague Simu kwa Lugha Yake

Wapenzi wa lugha, kila ifikapo tarehe 7 Julai twapigana vikumbo kuiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Twatunga, twaghani, twasambaza. Kisha simu ile ile tuliyotungia beti hizo yatusemesha Kiingereza kuanzia asubuhi hadi usiku. Nasema waziwazi: mshairi wa Kiswahili anayenunua simu kwa kutazama kamera na nembo, asiulize lugha ya mfumo endeshi wake, ameiweka lugha yake nyuma ya picha.

Wapo wasemao mfumo wowote ni sawa, mradi simu iandike. Nimetumia mifumo yote miwili mikuu, Android na iOS, na nimetungia katika yote miwili. Si sawa hata kidogo. Chukueni mshororo huu: "Moyo wangu wasubiri, niambie waja lini". Una mizani 16. Kina cha kati ni "ri", cha mwisho ni "ni". Kibodi isiyo na kamusi ya Kiswahili huweza kuliona neno "lini" kuwa kosa, ikaligeuza "link". Hapo kina kimekufa, mizani imepungua, na mtunzi asipotazama vema, ubeti umekwisha kutumwa. Mashine imetii tu lugha iliyowekewa.

Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, kwa miaka mingi sasa ina menyu ya Kiswahili: mipangilio, arifa, pakua, sakinisha. iPhone ilitangulia mwaka 2007, lakini muongo wake wote wa kwanza ulipita menyu yake ikiwa haina Kiswahili. Kwangu mimi hoja hiyo yatosha kuipendelea Android. Hata hivyo, jina la Android peke yake si dhamana. Simu nyingi za bei nafuu huachwa mapema bila masasisho ya usalama, ilhali Google kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024, ziliahidi miaka 7.

Nasikia pia kwamba Kiswahili cha simu ni kigumu. Kigumu kwa nani? Mama akiepua chungu hupakua wali. Mabaharia hupakua shehena bandarini. Faili ya intaneti ikipakuliwa, ugeni uko wapi? Sakinisha latokana na sakini, yaani kukaa mahali. Programu yapewa makao ndani ya simu. Yapo maneno yasiyopendeza, nami nina orodha yangu. Lakini atayasahihishaje mtu asiyeyasoma? Mhariri hasahihishi muswada ambao hajaufungua.

Lililo zito zaidi ni hesabu. Watengenezaji wa programu huweza kuona simu za watumiaji wao zimewekwa lugha gani. Mshairi wa Lamu au wa Tanga anayeiacha simu yake katika Kiingereza huhesabiwa pamoja na wasemaji wa Kiingereza, hata awe na diwani tatu. Kisha twalalamika kwamba programu mpya hazitafsiriwi! Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili. Ni wangapi kati yetu waliwahi kuandika humo hata ubeti mmoja? Lugha isiyotumiwa na wenyewe haiwezi kudai heshima kwa wageni.

Basi, uendapo dukani, mwambie muuzaji aiwashe simu na kuiweka katika Kiswahili mbele ya macho yako. Fungua kibodi, andika mshororo wako mwenyewe, uone kama utafika mwisho ukiwa mzima. Ndipo uulize miaka ya masasisho, na mwishowe bei. Simu itakayoshindwa mtihani wa kwanza na irudi kabatini. Nanyi wenye simu tayari, fungueni mipangilio leo, badilisheni lugha, mkae nayo mwezi mmoja; kisha mje tugombane kuhusu istilahi hali tumezisoma.